Sam Malone: Aliacha pombe, akabaki na baa

Dakika chache za sehemu ya kwanza ya Cheers, iliyorushwa na NBC ya Marekani Alhamisi ya Septemba 30, 1982, zinatosha kumjua mwenye baa. Jina lake Sam Malone. Alikuwa mrushaji wa mpira wa besiboli katika timu ya Boston Red Sox. Pombe ilimwondoa uwanjani. Sasa hagusi hata tone, lakini kila jioni yuko nyuma ya kaunta anawamiminia wenzake. Diane Chambers, msichana msomi aliyeingia humo na mchumba wake profesa, anamuuliza swali ambalo hata mimi na wewe tungeuliza: mtu aliyeacha ulevi anamiliki baa ya nini? Sam anamjibu kwa utulivu kwamba aliinunua enzi za ulevi wake, na moyo umekataa kuiachia. Watazamaji waliokaa studio wanaangua kicheko, hadithi inasonga.

Jibu lile ndilo lililobeba kipindi kwa miaka 11 na sehemu zaidi ya 270. Watu wakiikumbuka Cheers hukumbuka wimbo wake, au Norm Peterson, yule mhasibu mnene ambaye akitokea tu mlangoni baa nzima humwita jina kwa pamoja, au Cliff Clavin, mpeleka barua mjuaji wa kila asichokijua. Hao ni wateja, na mteja huja akaondoka. Anayebaki kufunga mlango ni Sam. Mambo makubwa ya maisha yake yameshapita kabla hujawasha televisheni: umaarufu ameshaupata, ameshaupoteza, na hakuna kombe linalomngoja. Kwa mwandishi wa vichekesho hiyo ni mali. Anakuwa na shujaa ambaye hatakiwi kushinda chochote, anatakiwa afike kesho bila kunywa.

Ukiona vyaelea vimeundwa. Waundaji hapa ni watatu: ndugu wawili, Glen na Les Charles, pamoja na mwongozaji James Burrows. Walikuwa wametoka kufanya kazi kwenye Taxi, kichekesho cha madereva wa teksi wa New York. Mwanzo walitaka hoteli, kwa sababu waliihusudu Fawlty Towers ya Waingereza, lakini kila walipobuni tukio la hotelini walijikuta wamelipeleka baa. Mwishowe hoteli wakaitupa. Burrows alikuwa na baa katika damu, kwa namna ya kusema: baba yake, Abe Burrows, aliandika Duffy's Tavern, mchezo wa redio uliovuma Marekani miaka ya 1940, nao ulikuwa wa baa. Kina Charles, kwa upande wao, walilelewa katika familia ya Wamormoni, dini isiyoruhusu pombe. Labda ndiyo maana baa yao ikapata mwenye baa anayekunywa maji.

Sam wa kwanza, yule wa kwenye karatasi, hakucheza besiboli. Alikuwa mtu wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na kugongana vifua. Kati ya waliokuja kujaribiwa alikuwamo Fred Dryer, ambaye mchezo huo aliucheza kweli, tena kwa miaka, kama mlinzi wa Los Angeles Rams. Kama uhalisia ndio uliotafutwa, usingepatikana zaidi ya huo. Lakini nafasi ikaenda kwa Ted Danson, mwigizaji wa miaka 34 aliyekulia Arizona, mtoto wa mwanaakiolojia, mrefu, mwembamba, asiyefanana hata kidogo na mtu wa kugongana. Waandishi wakaona ni rahisi kubadilisha mchezo kuliko kubadilisha mwili. Dryer hakuachwa mikono mitupu. Aliitwa baadaye kuigiza mtangazaji wa michezo, rafiki wa zamani wa Sam, na mwaka 1984 akapata kipindi chake mwenyewe, Hunter. Danson akapelekwa kwenye shule ya wahudumu wa baa, akasomee kazi ya kaunta.

Hivyo Sam akawa mrushaji kwa sababu ya mabega ya mwigizaji. Bahati hiyo ilizaa matunda kuliko mpango wowote, na kwa msomaji asiyeijua besiboli inafaa tuielewe. Mrushaji anayeanza mechi hurusha mpaka mkono uchoke au wapinzani wamzoee. Hapo kocha hutembea taratibu hadi katikati ya uwanja, humchukulia mpira, kisha humwita mwingine ambaye muda wote alikuwa pembeni akingoja. Huyo mwingine ndiye Sam. Yeye haanzi mechi. Huletwa ikishaharibika, wapinzani wamejipanga kufunga, jukwaa limekaa kimya. Ni kama golikipa anayeingizwa dakika ya 119 kwa ajili ya penalti tu. Uwanjani walimwita Mayday, mwito wa hatari wa marubani na mabaharia, na kipindi hakikueleza sana ni nani aliyekuwa hatarini akitokea yeye: mpinzani, au timu yake mwenyewe.

Na kaunta je? Hapo pia Sam haanzi mechi ya mtu. Carla Tortelli, mhudumu wake mwenye ulimi wa pilipili, ana watoto wengi na mtalaka asiye na haya. Frasier Crane, daktari wa akili, aliachwa na Diane siku ya ndoa. Norm anaikimbia nyumba yake, tena mkewe hata hatumwoni uso. Wote wanafika mambo yakiwa yameshawaharibikia, na yule aliyelipwa zamani kuokoa mechi za wengine anafuta kaunta na kuwasikiliza. Ushauri wake mara nyingi ni wa hovyo, tuseme ukweli. Sam si mwenye busara. Ni mtu mwenye majivuno, anayejitazama kwenye kila kioo, anayedhani hakuna mwanamke atakayemkataa. Ila anajua kukaa na mtu aliyeshindwa bila kumdharau, kwa kuwa alishindwa hadharani, mbele ya mji mzima.

Msimu wa kwanza una sehemu moja ambayo kwangu ndiyo Cheers yenyewe. Inaitwa "Endless Slumper", ilionyeshwa Desemba 1982. Rick Walker, mchezaji wa Red Sox wa kubuni, amepatwa na mkosi: kila akishika gongo anakosa. Anakuja kwa Sam kuomba msaada. Sam anamwazima kitu anachokibeba siku zote, kizibo cha chupa ya bia. Mkosi unamtoka Walker. Unamhamia Sam. Anaanza kuangusha vitu, anahangaika, hacheki tena, na Diane anapombana anaambiwa kizibo hicho kilitoka wapi: kwenye chupa ya mwisho aliyokunywa. Kila hamu ya pombe ilipompanda, alikishika. Na Walker amekipoteza safarini.

Usiku baa imefungwa, wamebaki wawili. Sam anafungua bia, anaimimina kwenye glasi, anaitazama. Kwa kipindi cha nusu saa chenye watu wa kucheka ukumbini, kimya kile ni kirefu mno. Mwandishi yeyote mwoga angeingiza mzaha hapo. Hawakuingiza. Kisha Sam anaisukuma glasi iteleze juu ya kaunta, nayo inakata kona ya kaunta na kwenda zake kama ilivyofunzwa. Mkononi amebaki na kizibo kipya.

Tukio hilo lisingewezekana kwa mhusika aliyekuwa, tuseme, mwalimu au wakala wa bima. Wanamichezo ndio watu wa hirizi: soksi isiyofuliwa, mguu wa kulia kutangulia kuingia uwanjani, mlango usiopitwa, na kwenye soka la kwetu tusijifanye wageni wa mambo hayo. Waandishi waliuchukua ushirikina wa chumba cha kubadilishia nguo wakaupeleka kwenye vita ya mtu na chupa. Kutoa kizibo kumwokoa mchezaji mwenzake kulikuwa kuingia mechi iliyoharibika, kazi yake ya siku zote, na safari hii gharama aliilipa mwenyewe.

Walikuwa na ujasiri pia wa kumwangusha. Msimu wa tatu ulipoanza, mwaka 1984, Diane ameshamwacha Sam, na Sam amerudia ulevi. Kocha ndiye anayehangaika kutafuta msaada. Hapo ndipo Frasier Crane alipoingia kwa mara ya kwanza, kama daktari wa kumtoa Sam kwenye chupa. Alipangiwa muda mfupi, akaishia kupata kipindi chake, Frasier, kilichodumu toka 1993 hadi 2004. Mzizi wake ni ile ajali ya Sam.

Kocha niliyemtaja ni Ernie Pantusso, mzee aliyemfundisha Sam kurusha na sasa anamsaidia kaunta, akili imeshapigwa na mipira mingi. Aliigizwa na Nicholas Colasanto, naye alifariki Februari 1985, kipindi kikiwa hewani. Mahali pake alikuja kijana wa shamba kutoka Indiana, Woody Boyd, na nafasi hiyo ndiyo iliyomtambulisha Woody Harrelson kwa dunia. Picha ya Geronimo, kiongozi wa Waapache, ambayo Colasanto aliitundika kwenye chumba chake cha kuvalia, ilihamishiwa ukutani kwenye baa ya studio ikabaki humo mpaka siku ya mwisho.

Timu nayo haikuchaguliwa ovyo. Red Sox walichukua ubingwa wa Marekani mwaka 1918, wakamuuza nyota wao Babe Ruth kwa New York Yankees, kisha wakakaa miaka 86 bila ubingwa, hadi 2004. Miaka yote ya Cheers imo ndani ya ukame huo. Mwaka 1986 walifika fainali dhidi ya New York Mets, wakawa wamebakiza mpigo mmoja tu kuchukua kombe, na waliokuwa wakirusha wakati mechi inawaponyoka walikuwa warushaji wa akiba, watu wa kazi ya Sam. Mwanaume aliyeshindwa kuokoa mechi za timu hiyo, katika mji huo, angeweza kupigwa mawe. Boston ya kipindi inamnunulia soda. Mcheza kwao hutunzwa, hata akicheza vibaya.

Kwenye ukuta wa baa kuna picha ya Sam akirusha mpira, jezi namba 16. Aliye pichani kwa kweli ni Jim Lonborg, mrushaji wa Red Sox aliyetwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mwaka 1967. Lonborg alipostaafu alisomea udaktari wa meno na kufungua kliniki. Nadhani hapo pana kichekesho kingine kizima ambacho hakijaandikwa. Wachezaji halisi waliingia hata ndani ya baa: Luis Tiant alikuwamo katika sehemu ya msimu wa kwanza kuhusu tangazo la bia, na Wade Boggs akafika mwaka 1988, wateja wakakataa kuamini kuwa ni yeye.

Nje ya studio, Boston ya miaka ile inamhusu kidogo hata msomaji wa kwetu. Baa iliyopigwa picha za nje, wakati ule ikiitwa Bull & Finch, iko namba 84 Beacon Street, chini ya ardhi, ikitazamana na bustani ya umma. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Boylston Street, mahali wanapomalizia mbio za Boston Marathon. Mwaka 1988, Cheers ikiwa kileleni, Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania walifika pale wakiachana sekunde moja. Hussein alishinda. Ikangaa alirudi 1989 akawa wa pili, akarudi 1990 akawa wa pili. Hiyo ndiyo Boston iliyomzaa Sam Malone, mji unaojua nafasi ya pili kuliko mingi.

Sasa lawama. Kipindi kilichomjengea Sam uzito wote huo kilimwachia Norm anywe miaka 11, kila siku, kwa deni lisilolipwa, bila ini kuuma, bila kuyumba, bila kupoteza chochote ila kazi moja moja kwa ajili ya kuchekesha. George Wendt, aliyemwigiza, alikuwa akinywa bia hafifu ya vuguvugu iliyotiwa chumvi ili povu lisimame mbele ya kamera. Povu la chumvi, na ulevi wake ulikuwa wa namna hiyo. Wakati huohuo, nje ya studio, Marekani ilikuwa inapambana na ulevi wa barabarani. Mwaka 1984 sheria ya nchi ililazimisha majimbo kupandisha umri wa kunywa hadi miaka 21, la sivyo yapunguziwe fedha za barabara. Na jimbo la Massachusetts, ambamo baa ya Sam inadhaniwa kuwapo, lilikuwa la kwanza kupiga marufuku saa za pombe ya bei nafuu. Mwaka 1988 watu wa afya ya jamii wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaendea waandishi wa televisheni Hollywood wakiomba jambo dogo: mhusika mmoja aseme leo mimi ndiye dereva, sinywi. Cheers ilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyokubali. Ni vizuri, ingawa kipindi hicho kilikuwa na mhusika wa kulisema hilo toka siku ya kwanza.

Lawama ya pili ni wanawake. Kwa miaka mingi umalaya wa Sam ulichekewa tu, kijitabu chake cha namba za simu kikiwa kama kombe. Ukiangalia leo unakunja uso mara kwa mara. Lakini katika miezi ya mwisho, mwaka 1993, waandishi walirudi kulilipa deni hilo: Frasier anamwambia Sam kwamba tamaa yake imekuwa kilevi kingine, na Sam anaenda kukaa kwenye kundi la watu wenye shida hiyo. Miezi hiyohiyo alimfunulia Carla siri nyingine, kwamba nywele zake zinazosifiwa sehemu yake ni za bandia. Danson mwenyewe alikuwa na upara uliofunikwa kwenye kipindi. Walimvua mtu wao kipande kwa kipande.

Uwanjani nako walimrudisha, mara moja. Sehemu moja ya 1992 inamwonyesha akijaribu kurudi kwenye besiboli kupitia timu ya daraja la chini. Mkono bado una kitu. Kilichomshinda ni chumba cha kulala wachezaji: vijana wa kumwita baba, mizaha ya kurushiana mito, na yeye anataka kulala. Akarudi kaunta. Hata baa yenyewe aliwahi kuipoteza. Diane alipoondoka mwaka 1987, kwa sababu mwigizaji wake, Shelley Long, aliacha kipindi, Sam aliiuza, akanunua boti azunguke dunia. Boti ikazama. Akaomba kazi palepale kama mhudumu wa kawaida, bosi akiwa Rebecca Howe wa Kirstie Alley, na ilimchukua miaka kadhaa kuirudisha mikononi mwake. Wengi huona misimu ya Rebecca ni dhaifu. Mimi naona kumshusha mwenye baa awe mwajiriwa katika nyumba yake kulikipa kipindi nusu ya pili ya umri wake.

Mwanzo wake haukutabiri hayo. Wiki ya kwanza kilikuwa karibu na mkia katika orodha ya watazamaji, na wakubwa wa NBC, Grant Tinker na Brandon Tartikoff, walikiacha kiendelee. Mwaka 1984 The Cosby Show ilipojiunga nacho siku za Alhamisi, watu wakakigundua. Msimu wa 1990 hadi 1991 kilikuwa namba moja Marekani. Kiliondoka na tuzo 28 za Emmy, mbili kati yake za Danson kwa nafasi ya Sam, mwaka 1990 na 1993. Na kilipokwisha, Mei 20, 1993, hakikufa kwa kukosa watu. Zaidi ya milioni 80 walikitazama usiku huo. Kilikwisha kwa sababu Danson alisema inatosha. Wenye televisheni walitamani kuendelea, na wazo la kuendelea bila yeye lilizungumzwa, likaachwa. Bila mwenye baa wangebaki na wanywaji tu.

Kaunta ile ya studio, mbao zilezile ambazo glasi ilikata kona, iliuzwa kwa mnada huko Dallas mwaka 2023 kwa dola 675,000.

Msomaji anayetaka kumjua Sam Malone asianzie usiku ule wa mwisho, ambao ni mrefu na umejaa kuagana. Aanze na msimu wa kwanza, sehemu 22 ambazo hazitoki kabisa nje ya baa, na akifika kwenye ile ya kizibo azime simu. Asipoguswa na hiyo, basi kipindi hiki si chake. Atafute kingine, vipo vingi.